Vazi la Mama Gidahoda

Haya, wewe uliyekaa karibu na moto, tegua hiki kwanza: ana ngozi mbili; ya kwake huiacha dukani, ya kuazima huenda nayo kwa wakubwa.

Umesema nyoka? Si nyoka, nyoka hana pa kuazima. Kinyonga? Umekaribia, lakini kinyonga habadilishi nyumbani kwa watu. Umeshindwa, basi nipe mji. Umenipa Babati? Nimekwenda Babati, nimekula nyama, nimekunywa maziwa, nimerudi nimeshiba, sasa nakutegulia. Ni mama wa Kibarbaig siku anapokwenda ofisini.

Ametoka Gehandu kwa miguu, amevaa vazi lake la ngozi alilovalishwa siku ya kuolewa, limechanwa nyuzi nyuzi mpaka chini, kiunoni lina shanga. Akifika mji wa wilaya haendi ofisini moja kwa moja. Anapita kwanza kwenye duka la Scolastica, anaingia chumba cha nyuma, anavua, anajifunga kitenge cha dukani, ndipo anakwenda. Getini kuna askari, na askari ameambiwa ngozi haiingii.

Scolastica hakufungua duka kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa mama wa Kimbulu, mjane, kwao Mogitu, na alianza na vyungu. Halafu soko likawa huria, magari ya Arusha yakashusha ndoo za plastiki na madumu kila siku ya mnada, vyungu vikakaa mpaka buibui wakaweka makazi ndani. Akasema basi, atakayekuwa na kazi ya mkono wake ailete, tutaiweka ukutani. Akaja mhunzi wa bangili, yule anayeyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya maji mpaka yanakuwa shaba ya kung'aa. Wakaja kina mama wa shanga. Akaja mzee Hhando wa Endasak na zeze lake, akawa anapiga uani kila mnada, watu wanaimba, watoto wanategana vitendawili. Mjini hapakuwa na mahali pengine ambapo Mmbulu na Mbarbaig walikaa benchi moja bila kuwa na kesi.

Sasa siku ninayoisema, Scolastica alikuwa amekwisha mwagia uani maji tangu kungali na umande, vumbi lilale. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga kabisa, hata rangi ya vibao haijakauka, na mgeni kutoka mkoani alikuwa anakuja kutazama utamaduni. Angepita dukani kwake. Kwa jambo hilo Scolastica hakuwa amelala vizuri. Ukuta wake wa mbele, ule wa barazani unaotazama barabara, ulikuwa umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Watu wa ardhi walipita na kamba zao, wakasema barabara itapanuliwa, mkoa mpya unataka mji mpya. Vibanda viwili vya jirani vilivyopigwa X vilikwisha bomolewa, na wenyewe hakuna aliyewaonyesha mahali pengine.

Aliyempa matumaini alikuwa Theodory, afisa utamaduni. Watu walimwita bwana utamaduni, kama wanavyosema bwana shamba na bwana afya. Hakuwa mtu wa makelele. Alianza kila mazungumzo na shikamoo. Alimweleza Scolastica kwamba mgeni akilipenda duka, litaandikwa kuwa kituo cha utamaduni, na kituo cha utamaduni hakibomolewi. Mgeni asipolipenda, yeye hana la kufanya, atakuwa amejitahidi.

Kina mama wa shanga walikuwa bado wanapanga kazi zao kwenye mkeka, mama Gidahoda akaingia. Kichwa wazi, kibuyu cha maziwa mkononi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Scolastica alimfahamu miaka mingi. Mwanawe, huyo Gidahoda, alikuwa amekamatwa na mgambo mnadani jana yake. Hakuwa na stakabadhi ya kodi ya maendeleo, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani pamoja na wenzake, wakawapeleka mahabusu ya pale ofisini. Mama alikuwa amemletea maziwa, na alitaka kumwomba mkubwa yeyote atakayemkuta amwachie kijana, kwa sababu ng'ombe nyumbani hawana mchungaji. Siku hiyo, kwa haraka yake, alikwenda ofisini kwanza, askari akamrudisha getini. Alimwambia leo kuna ugeni, Mang'ati, ndivyo wanavyowaita Wabarbaig, na mangozi yao wasionekane hapa, imetolewa amri na bwana utamaduni.

Aliingia chumba cha nyuma. Alipotoka amejifunga kitenge, alikuwa kama mtu aliyepungua. Alitembea anakishikilia kiunoni, hakukizoea. Vazi alikuwa amelikunja vizuri, shanga ndani, akaliweka kwenye kapu lenye mfuniko.

Alisema, "Mama Yohanes, mtu asishike."

Ndivyo walivyomwita Scolastica, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Hashiki mtu," Scolastica akamjibu. "Nenda, mama. Utalikuta."

Hapa inabidi uelewe. Kwa mama yule, ile haikuwa nguo ya kubadilisha kama gauni la mitumba. Ni ndoa yake. Mwanamume haligusi. Mwanamke wa Kibarbaig akionekana anarudi kwa mumewe bila vazi lake, majirani hawataulizana kuhusu nguo, wataulizana ndoa imekufaje. Scolastica alilijua hilo, na ndiyo maana kina mama wale walimwamini, wakapita kwake na siyo kwingine.

Jua lilipoanza kuchoma, Theodory akafika, amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakatika. Shikamoo mama, shikamoo mzee Hhando. Alizunguka baraza akitazama bangili, mishipi ya shanga, vikapu, vibuyu, mikuki midogo ya kuuzia watalii. Hakufurahi. Alisema mgeni ameshapita wilaya nyingine, bangili na vikapu ameviona mpaka amechoka. Pale katikati ya ukuta, Scolastica alikuwa amening'iniza mkeka mkuukuu kufunika ile X, na Theodory akauona ni aibu. Akaingia ndani kutafuta kiti cha mgeni. Akakawia huko.

Alipotoka hakuwa na kiti. Alikuwa amelibeba vazi la mama Gidahoda mikononi.

Kina mama kwenye mkeka waliacha shanga. Mmoja alifunika uso kwa kiganja.

"Mama, una kitu hiki unakificha kapuni?" Theodory aliuliza. "Hiki ndicho utamaduni wenyewe."

Scolastica akamwambia si mali yake, kuna mwenyewe, amelihifadhi tu. Akamwomba alirudishe. Theodory alijibu kwa upole kwamba hataliharibu, ataliweka ukutani mpaka mgeni aondoke, basi. Mwenyewe atalikuta, hata hatajua.

"Lakini si ni wewe uliyesema leo ngozi zisionekane?" Scolastica akauliza.

"Nilisema zisionekane kwa watu. Ukutani ni jambo lingine." Akatazama ule mkeka uliofunika X, na sauti ikashuka. "Mama, mimi nakusaidia. Ukitaka nisikusaidie, niambie."

Mzee Hhando, ambaye alikuwa anakaza uzi wa zeze, akaongea bila kuinua kichwa. Alisema kama ni hivyo basi bwana utamaduni naye avue suruali yake ya kaunda waitundike pembeni, nayo ni utamaduni wa watu fulani. Watu wawili watatu wakacheka. Scolastica hakucheka. Alifikiria vibanda vile viwili, jinsi mabati yalivyokunjwa kama karatasi. Theodory akaondoa mkeka, akalitundika vazi kwenye msumari uleule, juu ya X nyekundu. Lilitosha kuifunika yote.

Kina mama wa shanga wakageuza migongo, wakaendelea kutunga wakitazama barabara.

Mgeni alichelewa. Saa ya chakula ikapita, jua likaanza kushuka upande wa pili wa mlima ulio juu ya mji, upepo ukainua tena vumbi lililomwagiwa maji. Kila gari likisikika Theodory alisimama, na kila mara Scolastica alitazama upande wa pili, njia ya ofisini, akiomba mama Gidahoda asitokee, halafu akiona haya kwa ombi lake. Mara mbili alinyanyuka kwenda kuliondoa. Mara mbili Theodory alimwambia, mama, tulia, wanakuja.

Hatimaye magari yakaja. Mgeni alikuwa mwanamke, mtu mzima, amevaa suti ya kijani na viatu vya visigino vilivyozama uani. Alikuwa na uso mzuri. Aliwasalimia kina mama mmoja mmoja, akamwamkia mzee Hhando shikamoo, mzee akapiga zeze, akaimba wimbo wa kukaribisha, watu wakaitikia. Theodory alieleza habari za duka, za makabila kuishi kwa amani, za watalii watakaokuja. Mgeni alisikiliza, akavaa bangili moja, akasema nzuri. Theodory alimtazama Scolastica na kumwinamishia kichwa kidogo: inakwenda vizuri.

Ndipo mgeni akaliona vazi. Alilisogelea taratibu, akazishika nyuzi za ngozi, akaziachia, zikatoa sauti kama mvua ndogo. Alisema hajawahi kuona kitu kama hiki. Akalitoa kwenye msumari, na X ikabaki wazi nyuma yake, nyekundu. Aliiona. Kila mtu alimwona akiiona. Akageuka kama mtu aliyekuta jirani anaoga, akalipima vazi kiunoni mwake juu ya suti, akacheka kidogo, mwenye kamera akapiga.

Zeze likanyamaza katikati ya wimbo.

Mgeni akainua mkono wake wa kulia. Ulikuwa unang'aa. Akaunusa.

"Siagi," alisema. "Mbona mbichi? Lilivaliwa lini mara ya mwisho?"

Alimwuliza Scolastica, lakini Theodory akawahi. Alieleza kwamba haya ni mavazi ya kale, ya enzi za mabibi zao, siku hizi wameelimika, hawavai tena. Siagi wanapaka tu ngozi isikauke. Na kama mheshimiwa amelipenda, alisema, basi ni zawadi, duka linamzawadia akaliweke ofisini kwake mkoani, wageni walione.

Mgeni akasema ameshukuru sana, lakini swali lake alimwuliza mama mwenye duka. Dereva akaja na mfuko wa plastiki na gazeti la kulifungia. Theodory akapiga makofi na watu wa msafara wakapiga. Swali likabaki hapo hapo, na mgeni akawa anasubiri, hana haraka, kama mwalimu.

Katika makofi hayo mama Gidahoda akafika.

Kijana wake hakuwa naye. Ofisi nzima ilikuwa imekwenda kumpokea mgeni. Alikuwa amekaa kwenye nyasi tangu asubuhi akisubiri mkubwa wa kumwomba. Maziwa yalimfikia kijana, maana askari wa zamu alikuwa na moyo, ila kuachiwa aliambiwa arudi kesho. Sasa alitaka kuwahi ng'ombe. Alisimama chini ya ngazi ya baraza, kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja, kibuyu kitupu kwa mkono wa pili, akaona vazi lake nusu lipo kwenye gazeti, nusu mikononi mwa mwanamume.

Hakupiga kelele. Aliweka kibuyu chini. Kina mama kwenye mkeka wakasimama wote pamoja, bila kuambiana. Yeye hakumtazama dereva wala mgeni. Alimtazama Scolastica, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Mama Yohanes. Mimi naenda nyumbani na nini?"

Mgeni hakusikia, au alisikia asielewe. Aliuliza huyu mama anahitaji nini. Theodory akajibu haraka kwamba ni mwananchi tu, ana shida ya ofisini, atashughulikiwa kesho. Kisha akajisogeza karibu na Scolastica, akitabasamu kwa ajili ya watu, na akamnong'oneza.

"Mama, kumbuka ukuta. Washukuru wageni, waondoke."

Scolastica alikuwa amesimama na ukuta huo mgongoni. Mbele yake dereva alikuwa anakunja gazeti juu ya shanga, anakunja vibaya, nyuzi zinatokeza. Alishuka ngazi moja. Alimwambia dereva ngoja, na dereva, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mama wa umri wa mama yake, akangoja. Scolastica akalitoa vazi kwenye gazeti, akalikunja upya, shanga kwa ndani.

"Mama, hujanijibu," mgeni akasema, bado kwa upole. "Lilivaliwa lini?"

"Leo asubuhi, mheshimiwa," Scolastica akasema. "Mwenyewe ndiye huyu. Alilivua kwangu, kwa sababu getini kwenu haliingii."