Uvimbe wa Qaali

Ndila aliujua wivu wa ndoa, maana Mutunga wake si malaika. Aliujua na wivu wa kazi, tangu fundi cherehani mwenzake pale Masii alipomnyang'anya wateja wa yunifomu. Lakini kumwonea mtu wivu kwa sababu ya uvimbe wake! Hilo hata padri angemwambiaje?

Mwenye uvimbe alikuwa Qaali, muuza vitambaa wa Machakos mjini. Walipasuliwa kansa ya ovari wiki moja, vitanda vyao vimepakana, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Siku za kemo, ile dawa ya kuua kansa, walikaa viti vya pamoja, dripu mkononi, wakinywa chai ya Qaali ya maziwa ya ngamia na kuwasengenya manesi. Kwa hiyo Daktari Kamanthe alipowaita kwa majibu ya utafiti uliofanyiwa uvimbe wao, walikataa kuingia mmoja mmoja. Kosa lilikuwa hapo.

Daktari alieleza kwamba seli hushikana kwa protini fulani, na seli za kansa zikiipoteza huachana na kutangatanga tumboni. Vipande vya uvimbe wao vilikuwa vimetiwa rangi, na penye protini hiyo huonekana kahawia. Cha Qaali kilikuwa kahawia tele. Cha Ndila kilikuwa kimepauka.

"Walio nayo mara nyingi huishi zaidi," daktari alisema. "Lakini si ahadi kwa mtu yeyote. Nyote wawili lazima mmalize kemo."

Ndila aliyasikia yote, ila hilo la mwisho hakulitaka. Alichokiona ni Qaali akijikaza asitabasamu, na kule kujikaza ndiko kulikomchoma. Kwa nini yeye? Duka analo, mume mwenye ng'ombe Konza anaye, na hata kansa yake ina adabu! Kemo iliyofuata Ndila aliikataa ile chai, akasema inamtia kichefuchefu. Uongo mtupu.

Kisha Qaali akapiga simu.

"Mama Mulwa, Alhamisi sikuji. Naenda Garissa, harusi ya mtoto ya dada yangu. Hizo kemo zimebaki naachana nazo. Si ulisikia daktari? Yangu imeshikana."

"Haya, safari njema," Ndila akasema, akakata.

Akarudi kwenye cherehani na raha moyoni, raha mbaya. Aende! Tuone hiyo kahawia itamfikisha wapi. Alishona mkono wa shati, akaufumua, akaushona tena nje ndani. Qaali akifa na protini zake zote, yeye asiye nazo atakaa kwenye kiti kile akitumaini nini?

Akapiga simu.

"Mama Yahye, nisikize. Niko na wivu na wewe, wivu mbaya. Ile chai nilikataa ni wivu tu. Lakini daktari alisema si ahadi. Wewe uko na hiyo kitu unaitupa, mimi sina na bado naenda. Ukikufa wewe, mimi nitashika nini?"



"Harusi ni mwaka ujao," Qaali akasema. "Tangu ukatae chai yangu, nimeshindwa kukaa karibu na wewe. Naona kama nimekuibia."

Ndila akauweka mkasi chini.

"Alhamisi lete chupa kubwa," akasema. "Lakini wivu bado niko nao."

"Kuja nao," Qaali akasema. "Nitakuwekea kiti."