Sahihi ya Kapteni

Huku Plymouth kila mtu ana mtu wake baharini, kwa hiyo sheria yenyewe naijua vizuri. Mkitaka kufunga mkataba wa wenza, ule unaowaunganisha wawili kisheria kama ndoa, kila mmoja hutoa notisi. Mimi niliye nchi kavu nilipeleka yangu kwa msajili. Tegan, fundi wa mitambo kwenye manowari, alitakiwa kumpa kapteni wake ya kwake, kapteni atie sahihi. Moja ikikosekana, hakuna kuandikishwa.

Mwenye haraka alikuwa baba yake Tegan, Clem. Mzee huyo alininunia miaka mingi kwa sababu ya kumpenda binti yake, mimi mwanamke mwenzake, mpaka saratani ilipomlegeza. Siku moja nikimlisha supu akasema, "Nataka kuwaona mkiandikishwa, Morwenna. Fanyeni hima, mwanangu."

Mwanangu. Nilikwenda kulia jikoni.

Nikamwandikia Tegan. Akajibu kwamba kapteni ana shughuli nyingi. Nilipomwandikia tena, akasema kapteni hataki mambo ya namna hiyo melini kwake. Clem aliwaka.

"Amekalia karatasi zenu kama kuku anayeatamia. Akikanyaga hapa namtemea mate."

"Meno ya bandia yatatoka nayo, mzee."

"Basi ayachukue."

Alikufa meli ikiwa bado mbali, akimlaani kapteni huyo mpaka mwisho.

Manowari ilipofunga gatini, sikumngoja Tegan. Nilimfuata kapteni mwenyewe kwa hasira.

"Ungetia sahihi notisi ya Tegan Rowse, baba yake angekufa ameridhika."

"Notisi gani?"

"Ya mkataba wa wenza."

"Safari hii nimetia sahihi notisi kama hizo za mabaharia wawili, na nilifurahi kufanya hivyo. Tegan hajaniletea kitu." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe si dada yake? Nimeiona picha yako kwake. Alituambia dada yake ndiye anayemuuguza baba. Poleni sana na msiba."

Niliona aibu kwa kila tusi alilotukana Clem. Hata mimi nilikuwa nikimchochea.

Tegan akashuka na begi lake, wenzake wakimfuata kwa vicheko. Aliponiona niko na nani, akasimama.

"Karibu nyumbani, dada," nikamwambia, kwa sauti ya kuwafikia wote.

Nikamkabidhi funguo za nyumba ya baba yake, nikaenda zangu.