Ruhusa ya Bibi Anande

Abdiel alikuwa mkalimani hodari, hilo hata adui zake walikubali. Kimeru chake kimenyooka, Kiswahili chake kimenyooka. Kilichopinda ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1993 Daktari Kandida, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja Akheri kutafuta mabaki ya wafua chuma wa zamani, akamwajiri Abdiel amtafsirie. Bibi Anande, mwenye shamba, alionyesha kona ya mgombani akasema kwa Kimeru, "Pale msiguse. Nimewalaza wanangu wawili." Abdiel akaona kibarua cha miezi mitatu kinaota mbawa. Akamgeukia Daktari: "Anasema pale ndipo penyewe. Chimbeni tu."

Bibi alipokwenda sokoni Tengeru, wakachimba. Ikatoka mifupa midogo, Abdiel akaapa ni ya kale sana, ikapakiwa masandukuni. Shimo likafukiwa kabla Bibi hajarudi.

Miaka kumi na moja baadaye Daktari alimwita Abdiel kwenye intaneti kafe moja ya Ngarenaro. Alikuwa na furaha, maskini. Ripoti yake iliyofungiwa kabatini miaka yote sasa ingewekwa mtandaoni, asome yeyote, bure.

"Hata wajukuu wa Bibi Anande wataisoma, kaka Abdiel. Tazama, nimemshukuru kwa jina: kwamba alituonyesha mahali mwenyewe, akaturuhusu."

Abdiel alijikaza kisabuni, wapi! Kila Jumapili alimwamkia yule bibi mlangoni mwa kanisa, na kila Jumapili roho ilimsuta. Lakini uongo wa kabatini alikwisha kuuzoea. Huu sasa ulikuwa unakwenda dunia nzima, umevalishwa jina la bibi wa watu.

"Usiiweke," alisema. "Hakuruhusu. Nilikudanganya." Akaeleza yote.

Daktari hakumtukana, afadhali angemtukana. Alichapa ripoti ile kwenye karatasi, wakaenda Akheri.

Walimkuta Bibi akichambua maharage. Abdiel alipiga magoti, akaungama kwa Kimeru bila kupunguza neno.

"Nilijua," Bibi alisema. "Nilirudi kutoka sokoni nikaona udongo. Nikangoja uje kuniambia. Wewe ukawa unaniletea salamu tu."

Kisha akauliza swali moja, na Daktari akamtazama Abdiel.

"Anauliza, huko waliko, wako pamoja?"

Daktari alipekua kurasa za mwisho, penye orodha ya masanduku.

"Hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja yuko sanduku la nne. Mwingine la kumi na moja."

Abdiel angeweza kusema ndiyo, nani angejua? Neno lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza, akamwambia Bibi ukweli, sanduku kwa sanduku.

Bibi aliweka ungo chini.

"Yule mdogo alikuwa hawezi kulala bila mwenzake," alisema.

Na hilo nalo Abdiel akalitafsiri.