Kugawa Diski ya Tata Mbuyu

Kwa miaka ishirini na sita Tata Mbuyu alichora ramani za machimbo ya shaba ya eneo la Mashamba. Alipostaafu alibaki mtaani Dilala na kompyuta ya mkononi yenye michoro yake yote, inayofunguka kwenye Windows tu. Mke wa mtoto wake, Kabedi, ni mwalimu wa informatiki, somo la kompyuta. Shule yake ilipokea mashine kumi zenye Linux, naye alitakiwa kuanza kuifundisha Jumatatu. Nyumbani kompyuta ilikuwa hiyo moja.

"Tata, sitaondoa Windows yenu," Kabedi alimwambia baba mkwe wake Jumamosi asubuhi. "Nitaipunguzia nafasi kwenye diski, Linux ikae pembeni. Mukiwasha, munachagua moja. Mulishakopia bitu byenu?"

"Nilishakopia byote. Na batri iko bien?"

"Iko bien, tata, iko nzima."

Kabedi akachomeka flashi yenye Linux, akachagua kipimo cha kila sehemu, diski ikaanza kugawanywa. Kazi haijafika nusu, umeme ukakatika. Kioo kikazima papo hapo.

Umeme uliporudi saa nane, Windows ilikataa kuwaka. Kabedi alijaribu mara tatu, kisha akaweka mikono mapajani.

"Tata, nilidanganya. Batri ilikufa tangu Noeli. Niliogopa mutakataa."

Mzee alivua miwani. "Na mi sikukopia kitu. Sijui namna ya kukopia. Niliona haya kukuuliza."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kabedi akawasha mashine kwa flashi ileile, maana Linux inaweza kufanya kazi humo bila kugusa diski. Akafungua diski ya Windows. Folda zikajitokeza, zote. Tata Mbuyu akasogeza kiti, akasoma majina ya folda kwa sauti.

"Nikopie mara moja?" Kabedi akauliza.

"Hapana. Nionyeshe, nifanye mi mwenyewe."

Alikopia folda moja moja kwenye diski ya nje ya Kabedi, akifungua kila moja kuhakikisha haiko tupu. Ilimchukua mpaka jioni.

Jumapili, baada ya misa, Kabedi aliazima flashi ya kutengeneza Windows kwa mwalimu mwenzake, Darlène. Windows ikaamka, polepole. Kabedi akaanza kukunja nyaya, akiiacha Linux.

"Unaenda wapi?" Tata Mbuyu akamuuliza. "Somo ni kesho. Nilishaongea na Blanchard wa jirani, analeta jenereta yake."

Saa kumi Linux ilikuwa imekaa. Kabedi akaandaa somo lake, mzee akivuta kiti karibu kutazama.