Ngazi ya Tatu

Chumba cha nyuma cha dobi kilikuwa na mashine tatu za kufulia, meza mbili za kupigia pasi, na Masikio. Huyu Masikio alikuwa binti wa miaka ishirini na minne aliyeajiriwa kupakia nguo kwenye mashine na kuzipakua. Ukimuuliza mwenyewe, kazi yake ya kweli ilikuwa kutafuta muziki ambao watu bado hawajausikia. Nyimbo za redioni alizidharau waziwazi. Alizitaka za vijana wanaorekodi chumbani kwao, godoro likiwa limeegemezwa dirishani ili kelele za barabarani zisiingie. Kila asubuhi alifika na spika yake ndogo, akaiweka juu ya mashine ya katikati, na kabla hajafunga hata aproni alishatangaza, "Leo nimewaletea kitu!"

Alisema "nimewaletea" kana kwamba chumba kimejaa watu. Msikilizaji alikuwa mmoja tu, Mama Kola.

Mama Kola alikuwa na miaka hamsini na minne, na jina hilo alilipata kwa halali. Kola ya shati aliianzia kwenye ncha, akaipiga kuelekea katikati, polepole, ili kitambaa kisijikunje kikaacha alama. Kuna wateja waliokuwa wakiuliza mlangoni kama yupo, na wakiambiwa hayupo wanaondoka na mashati yao. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ileile bila kuunguza nguo ya mtu.

Mwanzoni muziki wa Masikio ulimchosha. Alimsikiliza rapa wa kwanza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu anagombana na nani?" Masikio alicheka mpaka akakaa chini. Lakini binti hakukata tamaa. Alimweleza kwamba mtu anaweza kuchukua wimbo wa mwenzake akauimba upya kwa namna yake, na huo si wizi bali heshima. Alimweleza remiksi, jinsi wimbo unavyovunjwavunjwa na kujengwa tena kama nyumba, kwa matofali yaleyale. Mama Kola aliguna tu, hakukubali wala hakukataa. Ila mguu wake ulikuwa umeshaanza kumsaliti chini ya meza, na Masikio alikuwa akiuona.

Jumanne moja Masikio aliingia mbio. "Mama, shikamoo. Acha kila kitu. Kuna kijana anaitwa Nukta, hana kampuni, hana meneja, hana chochote. Sikiliza alichofanya huyu mtu!"

"Marahaba. Siachi pasi kwa ajili ya Nukta," alijibu Mama Kola.

Wimbo ulianza na mdundo mzito, wa taratibu. Kisha likaja gitaa la zamani, lenye mikwaruzo ya kanda, likishuka kama mtu anayeteremka ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo, kabla halijakanyaga ya nne, sauti ya msichana ikaingia. Ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Ilivuta pumzi kidogo kisha ikasema, *Nipokee, nimefika*. Halafu ikakatwa, gitaa likarudi juu, likashuka tena, na yule msichana akawahi tena palepale. Juu ya kuwahi huko Nukta alianza kuchana mistari yake ya rap.

Mama Kola hakusikia Nukta alisema nini. Alisikia harufu. Alipoinua pasi, mgongo wa shati jeupe ulikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi.

"Rudia," alisema.

"Mama, shati!"

"Nimesema rudia."

Masikio akarudia. Mama Kola alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sauti hakuitambua, maana ilikuwa imeinuliwa juu kuliko alivyowahi kuimba. Alichokitambua ni kosa. Kosa hilo alikuwa ameishi nalo miaka thelathini na moja, asingeweza kulisahau.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Usinitanie, mama."

"Mstari unaofuata ni *viatu vyangu nimevivua mlangoni*. Humo haumo, kaukata. Muulize kama haupo kwenye kanda."

Masikio alimtazama yule mama aliyemzoea kila siku, mwenye aproni na miwani iliyofungwa kwa uzi, kana kwamba ameingia chumbani sasa hivi kwa mara ya kwanza.

Ikabidi Mama Kola asimulie. Kaka yake, mtu na kaka yake wa tumbo moja, alikuwa na bendi ya watu watano, na Mama Kola ndiye aliyekuwa mwimbaji. Walihangaika mwaka mzima wakapata saa mbili za studio. Wimbo ulikuwa wa Kaka, maneno yake na gitaa lake. Gitaa lilitakiwa lishuke ngazi nne, ndipo mwimbaji aingie. Yeye, kwa woga au kwa furaha, mpaka leo hajui, aliingia kwenye ya tatu. Aliingia hivyo mara tatu mfululizo. Mara ya mwisho fundi mitambo akazima taa, muda umekwisha, wengine wanasubiri mlangoni. Kanda ikapelekwa redioni hivyohivyo, ikarudishwa na jibu kwamba mwimbaji hajui kuhesabu. Bendi haikumaliza mwaka. Kaka hakumpigia kelele. Alimwambia neno moja tu, "Umenimaliza," na tangu siku hiyo walizungumza mambo yote ya ukoo, misiba, harusi, ada za watoto, lakini muziki hawakuugusa. Na yeye hakuimba tena, hata bafuni.

Masikio alimwandikia Nukta hapohapo, mashine ikizunguka bure bila sabuni. Jibu lilikuja kwa sauti, na ndani yake hamkuwa na maneno ya maana, ni mayowe tu.

Kesho yake asubuhi Nukta alikuwa mlangoni kwa dobi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye begi la kompyuta kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Alimwamkia Mama Kola akiwa ameinama. Kanda, alisema, aliinunua ndani ya boksi kwenye duka la vitu vilivyotumika, imeandikwa "Jaribio" na hakuna jina. Mwaka mzima aliulizia ni sauti ya nani, asipate wa kumjibu.

"Sasa mama, kaa nikuonyeshe kitu," alisema, akafungua kompyuta juu ya meza ya pasi.

Mama Kola aliona sauti yake kwa macho. Ilikuwa kama mlima mdogo wa kijani, na kando yake vilima vinne vya gitaa. Nukta alisogeza ule mlima kwa kidole mpaka ukakaa kwenye kilima cha nne. "Hapa nimekuweka mahali pako, pale walipotaka uingie. Sikiliza."

Wakasikiliza. Ulikuwa wimbo mzuri, safi, wa kawaida. Masikio akapiga miayo bila kukusudia.

"Sasa nakurudisha." Mlima ukarudi kwenye ngazi ya tatu. Gitaa likaanza kushuka, msichana akavuta pumzi, akawahi, na Mama Kola akasisimka mikono mpaka mabegani. Yule msichana alikuwa hawezi kungoja. Amefika na anataka mlango ufunguliwe sasa, na gitaa lililobaki nyuma lilikuwa kama mtu anayekimbilia ufunguo. Mama Kola hakuwahi kuusikia wimbo huo hivyo. Kila alipoukumbuka, alisikia kosa tu, wimbo hakuusikia.

"Nilikuwa na kanda sitini ndani ya lile boksi," alisema Nukta. "Katika nyingine zote, watu wameingia kwa wakati."

Halafu akasema alilolijia. Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa na onyesho kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Alimwomba aje aimbe kile kipande mwenyewe, jukwaani.

Mama Kola alisema atafikiria, na usiku ule wote hakuwa na fikra nyingine. Kupiga pasi alikujua, na watu walimheshimu kwa hilo. Akipanda jukwaani akashindwa, basi redio ilisema kweli, Kaka alisema kweli, na hatakuwa tena hata na ile shaka ndogo aliyokuwa akijifariji nayo. Lakini asipopanda, atabaki kuwa yule aliyeuharibu wimbo wa kaka yake mpaka wamzike.

Jambo la kwanza ilikuwa ruhusa, maana wimbo ulikuwa wa Kaka. Alimkuta kwenye karakana yake ya makochi, amepiga magoti, anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kiti na misumari midogo imejaa mdomoni. Akamwekea simu sikioni bila maelezo mengi.

Kaka alisikiliza wimbo mzima. Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaitazama.

"Gitaa ni langu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe bado unawahi."

Maneno hayo yalimchoma. Akamuuliza kama anakataa.

"Sikatai. Waambie wapige. Lakini ukipanda huko, mdogo wangu, safari hii ngoja gitaa lishuke lote."

Mama Kola akamkaribisha Jumamosi. Kaka akasema ana viti sita vya kumalizia.

Basi Mama Kola akafanya ambalo mwimbaji mwenye aibu ya miaka thelathini na moja angelifanya. Alijifundisha kungoja. Jioni, mlango ukiwa umefungwa, aliweka wimbo, akahesabu kwa ulimi ndani ya meno, moja, mbili, tatu, nne, ndipo akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruza na kushuka, lakini ilikuwepo. Jioni ya pili alikuwa hakosei hata mara moja. Alijisikia fahari, na hakumwambia mtu.

Jumamosi hapakuwa na mazoezi. Alijaribishwa maiki tu, "moja, mbili, moja, mbili," na Nukta akamwambia aimbe kama alivyoimba. Yeye akaitikia kwa kichwa, akijua moyoni kwamba ataimba vizuri zaidi.

Watu walianza kujaa. Mama Kola alichungulia kutoka nyuma ya pazia akawakadiria. Walikuwa wanafika mia tatu. Walikuwepo wanafunzi wenye mabegi mgongoni, wauguzi wawili waliotoka zamu na sare zao, mzee wa makamo mwenye kofia ya pamba, na Masikio mbele kabisa, tayari amekauka sauti. Hakuna redio iliyowaita. Walipeana wimbo mkono kwa mkono, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amemletea kitu. Na Nukta, yule mpole, alipoanza kuchana hakuwa yule tena. Maneno yalimtoka kwa kasi huku kila moja likisikika lote, na ukumbi mzima ukainama na kuinuka naye. Mama Kola hakujua kwamba mtu mmoja asiye na chombo mkononi anaweza kuwashika watu hivyo.

Kisha Nukta akanyoosha mkono kuelekea pazia. "Sauti niliyoiulizia mwaka mzima. Huyu hapa."

Alitoka. Makelele yalimpiga kifuani. Gitaa la Kaka likaanza kushuka, na yeye akahesabu. Moja. Mbili. Tatu, na hapo akayabana meno ili asiwahi.

"*Nipokee, nimefika!*"

Hakuwa yeye. Ulikuwa ukumbi. Watu mia tatu walivuta ile pumzi ndogo kwa pamoja na kuingia kwenye ngazi ya tatu, wote, bila hata mmoja kubaki nyuma. Yeye akaingia kwenye ya nne, peke yake, kwa usahihi kabisa, kama mgeni aliyefika vyombo vimeshaoshwa.

Aliwatazama waliokuwa mbele. Msichana wa mbele, mwenye waya kwenye meno, alikuwa ameimba huku amefumba macho. Mzee mwenye kofia alikuwa ameimba. Nani aliwafundisha hawa kuwahi kiasi hicho, si zaidi wala si pungufu? Hakuna aliyewafundisha ila yeye, siku ile alipodhani anaharibu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na maiki na mwingine ulikuwa umeshika kichwa.

Nukta hakusimamisha wimbo. Alilirudisha gitaa juu na kumtazama tu.

Likashuka tena. Safari hii Mama Kola hakuhesabu. Alivuta pumzi na kuingia pale mwili wake ulipotaka, akakuta watu wote wapo naye, mia tatu kwa sauti moja, na sauti yake nzito iliyokwaruza ikiwa chini yao imewabeba. Aliimba mara nane. Mara ya tisa aliongeza mstari wa viatu, ambao hakuna aliyeujua, na ukumbi ukanyamaza kuusikiliza.

Aliposhuka jukwaani Masikio alimrukia, na nyuma ya Masikio alisimama Kaka, nyuzi za kochi zimemganda kwenye suruali. Mama Kola hakumuuliza alifika saa ngapi. Macho ya Kaka yalikuwa mekundu. Makelele yalikuwa bado hayajaisha, hivyo akainama karibu na sikio lake.

"Si wewe uliyewahi," alisema. "Sisi ndio tulichelewa."

Mama Kola akamwambia kuna kelele, hajasikia, arudie. Alikuwa amesikia vizuri sana.