Kompyuta Iliyobaki Asubuhi

Mume wangu Zaheer anauza vitambaa Mji Mkongwe na hajapata kushindwa na kitu, kwa maneno yake mwenyewe. Maisha yameshanifunza nisibishane na mtu wa namna hiyo. Namwacha tu, akijigonga ukuta utamwambia.

Mchana ule binti yetu Bashira alikuwa acheze fainali ya mpira wa mtandaoni, yeye na wenzake watatu wa Chukwani dhidi ya wasichana wa Mombasa. Mmoja akikosa kuingia kabla ya saa nane, timu nzima inatolewa. Akakaa kwenye kompyuta ya duka, akabonyeza. Mchezo ukakataa kufunguka: mfumo wake wa ulinzi hauiamini kompyuta hii.

Akakagua ruhusa za mchezo, zipo. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa kuona kama ulinzi wake umezimwa. Haukuzimwa. Wenzake wanapiga simu, na mimi, nisiyecheza, ndiye ninayepokea.

Zaheer akashauri ulinzi wote uzimwe, basi, tumalize.

"Baba, mtu akipoteza ufunguo wa duka hubomoa ukuta?" Bashira alisema bila kugeuka. "Humu mna hesabu zako na siri za wateja. Bora nitolewe."

Nikainamisha uso kwenye kanga nisicheke. Ulimi ule kautoa kwangu.

Kisha akaganda, kaikazia macho pembe ya kioo. Saa pale ilionesha saba na dakika arobaini na tano. Sote tulikuwa tukiiona tangu mwanzo na hakuna aliyeshtuka, maana kweli ilikuwa saa nane kasoro robo.

"Baba, nani kaigusa saa hii?"

Zaheer akajibu kwa madaha kuwa ni yeye. Alichoka na kompyuta inayosema saa moja wakati Unguja nzima inajua ni saa saba. Kaifundisha Kiswahili.

"Basi wenye mchezo wanaona huku bado asubuhi. Wanadhani tunawadanganya."

Akairudisha saa ya kizungu, akabonyeza tena. Mchezo ukafunguka, jina lake likatokea chini ya jina la timu yao.

Wakashinda kwa bao la mwisho, lake. Zaheer keshatoka mlangoni, anamwambia kila apitaye kuwa akili ile mtoto karithi kwa baba. Nikamwacha. Nilikuwa nnamtazama Bashira, mgongo wima, anawapongeza wa Mombasa mmoja mmoja.