Sista Afundisha Dizeli

Pikapu ya Munene ilianza kukohoa Meru mjini. Ilipoingia Kiirua, kwenye boma la mama mkwe wake Gatakaa, ikapiga chafya moja ndefu na kuzimika mbele ya zizi. Munene hakushtuka. Alikuwa amepitia dukani akanunua filta mpya ya dizeli, na kwenye simu alikuwa na video ya jamaa anayeibadilisha kwa dakika nne, tena huku anatabasamu.

Gatakaa alikuwa zizini anakamua. Alimwona kupitia nafasi kati ya mbao mbili na kwake hiyo ilitosha. Kwao Meru mama mkwe na mkwe wana nthoni: hawakaziani macho, hawasemezani ovyo, na habari ya mkwe kulala kwa boma la mama mkwe haiongelewi kabisa. Munene alikuwa ameleta mikungu ya ndizi kutoka kwao Embu, ashushe, anywe uji, ageuze gari. Binti mwenyewe, Kinya, alikuwa kazini Kaaga akisimamia mitihani, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kukaa katikati.

Saa kumi ilimkuta Munene ameshashusha ndizi na bado ana imani. Alifungua filta kuukuu, ikatoka imejaa uchafu mweusi. Akapaka mpira wa ile mpya dizeli kidogo, vizuri kabisa, akaikaza kwa mkono. Gatakaa akaanza kumpenda. Kisha kijana akaruka kitini na kupiga stata.

Weu, weu, weu. Wapi.

Hajapampu dizeli iingie, Gatakaa akasema moyoni. Miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye mashamba ya ngano kule Timau. Aliingia akiwa wa kung'oa magugu, akatoka akiwa wa kuendesha trekta. Alijua filta kavu imejaa hewa, na injini ya dizeli haitembei kwa hewa.

Weu, weu. Mara hii pole pole, kama mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka. Betri ilikuwa inakwisha. Fundi wa pale sokoni alikuwa ameenda harusi. Na Munene hangeacha pikapu yake nyuma apande matatu. Angelala ndani yake, hapo hapo mbele ya zizi, na kulala ndani ya gari ndani ya boma bado ni kulala ndani ya boma.

"Mama Kinya," sauti ikatoka juu ya ua. Alikuwa Ruguru, jirani, mama yake Elphas, mwanamke anayejua umemwachisha mtoto ziwa kabla mtoto hajajua. "Nilete blanketi?"

"La nini, Mama Elphas?"

"La mgeni. Huyo haendi mahali. Betri nimeisikia kutoka jikoni kwangu."

"Ataenda."

"Si uniambie shida ni gani nimwambie? Mimi si mama mkwe wake."

Gatakaa alifikiria. Ruguru akibeba huo ujumbe, kesho kabla ya wimbo wa kwanza kanisani, kila kiti kitajua kwamba mkwe wa Gatakaa ameshindwa na filta.

"Enda uangalie sufuria yako," akasema.

Ruguru hakuenda. Aliegemeza viwiko juu ya ua, akatulia kama mtu aliyelipia kiti.

Gatakaa akamgeukia ng'ombe wake, aliyeitwa Sista, akainua sauti. "Na wewe Sista, unafikiri kitu kinatoka tu bila kubonyezwa? Hata trekta ya Timau ilikuwa hivyo. Ukiiwekea filta mpya, kuna kitufe cheusi hapo juu yake. Unabonyeza mara thelathini, arobaini, mpaka kikatae kuingia. Lakini wewe ni stata tu, stata tu. Utamaliza betri, Sista."

Sista alitafuna nyasi. Huko nje Munene akashuka kitini.

"Sista," Munene akasema, akiangalia bonet, "video haikusema hivyo."

"Sista, huyo wa video atakuja kukusukuma?"

Ruguru akashika ua asianguke kwa kicheko.

"Sista, samahani," Munene akasema, sasa kwa adabu. "Hicho kitufe kiko wapi?"

"Mahali umewekelea chupa ya soda, Sista."

Chupa ikaondolewa. Munene akabonyeza, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa nasari. Kufika thelathini na saba kitufe kikawa kigumu. Akapanda, akageuza ufunguo.

Tik. Basi. Betri ilikuwa imeaga.

Jua lilikuwa limeegemea miti. Gatakaa alifunika ndoo ya maziwa, akajitanda leso hadi kwenye nyusi, akatoka zizini kwa nyuma. "Mama Elphas, kuja. Boma langu linateremka hadi barabarani. Sista, weka gia ya pili, ukanyage klachi."

"Na nthoni?" Ruguru akauliza, tayari ameruka ua.

"Yeye yuko mbele, mimi niko nyuma. Naona tu mlango wa mizigo."

Ndani ya gari, Munene alinyoosha mkono akakigeuza kioo cha kuonea nyuma, kikabaki kikitazama paa.

Wakasukuma. Pikapu ikasita, ikaanza kubiringika, ikapita migomba, na karibu na lango Munene akaachilia klachi. Ikaruka, ikanguruma, ikawatapikia wanawake wawili moshi mweusi usoni. Hakuthubutu kusimama. Alikata kona kuelekea mjini huku akipiga honi mara tatu.

Ruguru alijipangusa macho, meno peke yake ndiyo meupe. "Sasa huyo ameenda bila kuaga mtu?"

"Ameaga," Gatakaa akasema, akikung'uta leso. "Hiyo honi ya kwanza ilikuwa ya Sista. Mbili ni zangu."